Nikiuliza naambiwa nina roho ya uasi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Uyole, biashara yangu ni viazi. Nilikulia Moravian huko Rungwe, lakini huu ni mwaka wa tatu nasali kwenye huduma moja hapa mjini Mbeya. Miujiza nimeiona kwa macho yangu. Mdogo wangu ana kifafa. Mwaka jana alikuwa anaanguka sana, tukampeleka kuombewa, akakaa miezi miwili hajaanguka. Tukaambiwa aache vidonge, kwamba kuendelea navyo ni kukosa imani. Sasa ameanza kuanguka tena, na mtumishi anasema mlango umefunguliwa na mwanamke mzee wa ndani ya ukoo. Nyumbani wote wanamtazama bibi. Nikiuliza naambiwa nina roho ya uasi. Lakini siwezi kusema pale ni pabaya, maana ndipo mume wangu alipoachia pombe, na wakati wa msiba wa baba walinisimamia kuliko ndugu. Nitajuaje kama njia hii ni ya kuaminika? Au nirudi nilikotoka?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Tuanze na vidonge, mengine yatafuata.

Mdogo wako arudi kliniki wiki hii. Msimrudishie dawa wenyewe kwa kukisia kipimo cha zamani; aliyesomea ndiye aamue aanze na kiasi gani. Dawa za kifafa, iwe fenobabitoni au kabamazepini, hufanya kazi kwa sababu ziko mwilini kila siku, na kuziacha ghafla kunaweza kurudisha degedege kali kuliko la mwanzo. Likipita dakika tano halijakoma, hiyo ni dharura, mkimbizeni hospitali hata kama ni saa nane za usiku. Akianguka, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni wala msimkandamize. Na kwa baridi yetu hii, ambapo jiko la mkaa linaingizwa hadi chumbani (jambo lenye hatari zake nyingine), asiachwe peke yake karibu na moto. Makovu mengi ninayoyaona kwa wenye kifafa huku kwetu ni ya kuangukia jikoni.

Maombi yaendelee. Mwombeeni huku anameza dawa. Ikiwa mtumishi wenu anaona mambo hayo mawili hayawezi kukaa pamoja, basi sehemu ya jibu unayo tayari.

Sasa swali lenyewe. Nimefundisha masomo ya dini Iringa na Mbeya kwa muda mrefu, darasa moja likiwa na Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste na Waislamu, na karibu kila mwanafunzi huja na vipimo vyake vya kutofautisha njia ya kweli na ya uongo. Vingi kati ya hivyo nimeviona vikishindwa, kwa hiyo nitaviondoa kwanza mezani.

Wapo wanaosema: tazama bei. Anayetoza fedha nyingi ni tapeli, anayetoa bure au kwa kidogo ni wa kweli. Mwaka 2011 kijijini Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, alitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Wengi wetu tunakumbuka. Watu walitoka kila pembe ya nchi na nchi jirani, foleni ya magari ikawa ya kilomita na kilomita, vigogo nao wakanywa. Mzee mwenyewe hakuwa na makuu, na sijawahi kuona sababu ya kumwita mwongo; alisema ameoteshwa, na naamini aliamini. Lakini wapo waliokunywa kikombe wakaacha dawa za UKIMWI, na kuna waliorudi hospitali wakiwa hoi na wengine hawakurudi kabisa. Shilingi 500 ilikuwa nafuu kuliko soda mbili. Unafuu haukumponya mtu, na unyofu wa mzee nao haukumponya mtu. Shika hilo la unyofu, maana linatusumbua zaidi: mtu anaweza kuwa mkweli wa moyo na bado akakupoteza.

Wengine husema: tazama usajili. Ni kweli kwamba hapa nchini jumuiya ya dini inatakiwa kusajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na isiyosajiliwa inapaswa kukutia shaka. Lakini kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde huko Kanungu, Uganda, ambako mamia ya waumini waliteketea kanisani, lilikuwa limesajiliwa. Kanisa la Paul Mackenzie, yule wa Shakahola, Kilifi, Kenya, ambaye waumini wake walifunga hadi kufa kwa njaa, lilisajiliwa pia. Usajili ukafutwa mwaka 2023, makaburi yakiwa yameshafukuliwa na hesabu ya miili ikielekea kupita 400. Cheti ukutani kinakuambia kuwa kuna watu waliojaza fomu.

Wingi wa watu ndio usikuzuzue kabisa. Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako uwanjani. Uwanja ulikuwa umejaa.

Na ukongwe? Hapa nitawaudhi wenzangu wa makanisa ya zamani, nikiwa mmoja wao. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Berlin mwaka huohuo. Kwa mzee wa Kinyakyusa aliyekuwa akipeleka tambiko kwenye kichaka cha Lubaga, hiyo ndiyo ilikuwa dini ya juzi, imeletwa na wageni wasiojua hata kulima migomba. Kizazi kilichofuata, Wakristo wa Rungwe na Mbozi wakaanza kuwahoji wamisionari juu ya ndoa na madaraka, na baadhi yao wakaenda kwenye makanisa huru yaliyoongozwa na Waafrika wenyewe. Waliitwa waasi. Kwa hiyo mtu akikuambia huduma yenu ni ya uongo kwa kuwa ilianza juzi kwenye turubai, mwambie kila dini iliyopo Mbeya ilikuwa na juzi yake.

Hapo tunafika kwenye kipimo kigumu, ambacho wewe mwenyewe umekitaja: matunda. Mume ameacha pombe, na msibani walikuwapo. Mathayo 7 inasema mtawatambua kwa matunda yao, na mimi sitakuambia matunda hayo ni ya bandia. Ni ya kweli. Nyumba ambayo mshahara ulikuwa unaishia kilabuni sasa inalipa ada. Ila majirani wa Kanungu nao waliwaelezea wale watu kuwa wapole, wachapakazi, wenye nidhamu, shamba lao likipendeza. Mtu akiwekwa katikati ya wenzake wanaomjali, wanaomwuliza Jumatano kwa nini hakuonekana Jumapili, ataacha pombe katika dini nyingi tofauti, na hata katika vikundi visivyo vya dini. Tunda hilo ni la ushirika. Mshukuru Mungu kwa ajili yake na uwashukuru wale akina mama waliokaa nawe msibani, lakini lisikufanye udhani kwamba kila kinachotoka madhabahuni kimethibitishwa nalo.

Basi miujiza. Umesema umeiona kwa macho yako, nami sibishi na macho yako. Ninauliza ulichokiona kilikuwa nini. Kifafa kina misimu yake: mtu anaweza kuanguka mara kwa mara kwa wiki kadhaa, kisha akatulia miezi, bila sababu inayoonekana. Sasa sisi humpeleka mgonjwa kuombewa lini? Hali ikiwa mbaya kuliko kawaida. Baada ya kilele, mara nyingi hali hushuka yenyewe, na lolote lililofanyika siku hiyo hupewa sifa. Tena kwa muda wote hadi mlipoambiwa aache, mdogo wako alikuwa bado anameza vidonge. Vidonge havikupewa ushuhuda.

Ningependa uangalie jinsi shuhuda zinavyopatikana Jumapili. Anayeshika kipaza sauti ni aliyepona. Aliyerudi nyumbani vilevile hakupangiwa muda, na aliyefariki hana wa kumsemea, kwa kuwa familia yake imeshaaibika kwa kukosa imani. Ukitaka kujua kama uponyaji ni wa kweli, uliza kwa upole: alipimwa wapi kabla, alipimwa wapi baada, na miezi sita baadaye yukoje? Wapo wachungaji, tena wa kipentekoste, ambao humwambia mtu arudi Hospitali ya Rufaa ya Kanda akapimwe upya kabla ya kushuhudia. Nawaheshimu sana.

Na unabii wa kutajwa jina au shida yako? Kabla ya ibada kuna fomu ya ushauri, kuna mhudumu aliyekupokea mlangoni, kuna kundi la WhatsApp ambamo mmeandika mahitaji yote ya maombi. Na kuna maneno ambayo kwa Mbeya lazima yampate mtu. Simama mbele ya watu mia tatu useme, "Kuna mtu hapa ana kesi ya shamba," uone mikono. Sema, "Kuna mzigo umekwama mpakani Tunduma." Hata mimi ningenyoosha mkono kwa ajili ya shemeji yangu.

Sisemi Mungu hasemi na watu. Nasema Maandiko yenyewe hayakumwacha nabii bila kupimwa. Kumbukumbu la Torati 18:22 inasema neno lisipotimia, Bwana hakulinena, na usimwogope huyo nabii. Wakristo wa mwanzo walikuwa na kijitabu cha maagizo, Didake, ambacho hunichekesha kila ninapokisoma kwa jinsi kilivyo cha watu walioumwa na nyoka: mtume mgeni akae siku moja, ikibidi mbili, akikaa ya tatu ni nabii wa uongo, akiondoka apewe mkate wa njiani, akiomba fedha ni wa uongo, na nabii akiagiza kwa Roho meza iandaliwe, asile yeye mwenyewe katika meza hiyo. Watu waliokaribia sana wakati wa mitume walikuwa wakali hivyo. Waislamu darasani walikuwa wakinikumbusha Surat Yasin, aya ya 21, inayosema wafuateni wasiowaomba ujira. Na wale watu wa Beroya katika Matendo 17 waliitwa waungwana kwa sababu baada ya kumsikia Paulo walikwenda kuchunguza kila siku kama ndivyo ilivyo. Paulo hakuwaambia wana roho ya uasi.

Hapa ndipo nilipo mimi, na ndilo hasa nililotaka kukuambia. Wewe ni mwuza viazi. Unajua mnunuzi anayekataa mzani na kung'ang'ania lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Huna haja ya kujua moyoni mwake kuna nini. Kukataa kwake kupima kumekutosha. Njia ya kiroho vilevile, usianze kwa kuuliza ina nguvu kiasi gani au ina upendo kiasi gani. Uliza inamfanya nini anayehoji, na inamfanya nini anayetaka kuondoka.

Kwa anayehoji: kuna tofauti kati ya mchungaji aliyechoka, aliyekujibu kwa mkato siku moja kwa sababu usiku amelala kwa saa tatu tu, na mafundisho yanayosema kuuliza kwenyewe ni pepo. Wa kwanza ni binadamu, ukirudi Alhamisi atakujibu. Ya pili ni mfumo, na hesabu yake ni hii: mgonjwa akipata nafuu, mtumishi ana upako; asipopata, hana imani; akizidiwa, bibi kafungua mlango; ukiuliza, uasi. Hakuna tukio hata moja, katika yote yanayoweza kutokea duniani, ambalo lingeonyesha kwamba mtumishi amekosea. Ukiona mafundisho ya namna hiyo, usiseme yana majibu ya kila kitu. Yamejipanga tu yasishindwe.

Kwa anayeondoka: kumbuka waliokuwapo mwaka wako wa kwanza na sasa hawapo. Wanazungumzwaje? Je, mnaruhusiwa kuwasalimia sokoni? Kuna aliyeondoka akaombewa heri, akakaribishwa tena kwenye harusi? Au wote walioondoka, kwa bahati ya ajabu, walikuwa wachawi, wazinzi na Yuda? Watafute wawili, watatu. Usiwaulize mabaya ya huduma, kwa maana aliyeondoka ana uchungu wake na huenda akazidisha. Waulize siku walipoondoka nini kilifuata: nani alipiga simu, alisema nini, siri walizoungama zilibaki siri?

Nasisitiza hilo kwa sababu ya Kanungu na Shakahola. Tunapozisimulia tunaanza na mwisho, moto au njaa, tunashangaa watu wazima walikubalije. Hawakukubali kufa siku walipojiunga. Wa Kibwetere waliambiwa wauze mali kwa kuwa dunia ingekwisha mwishoni mwa 1999. Januari ikafika dunia ikiwa palepale, na baadhi wakaanza kudai mali zao. Hilo lilikuwa swali halali kabisa. Machi 17, 2000, mamia waliteketea ndani ya kanisa lililokuwa limezibwa milango na madirisha, na baadaye miili mingine ikapatikana kwenye mashimo sehemu nyingine. Kule Shakahola kwanza walikatazwa shule, kisha hospitali, wakahamishwa msituni mbali na jamaa, ndipo kukaja kufunga. Na kwa maelezo ya walionusurika, waliotaka kufungua walizuiwa. Huduma yenu sidhani ni hiyo, na usiondoke hapa ukidhani nimekuambia ni hiyo. Lakini hatua za mwanzo zinafanana mahali pengi pasipofika huko: hospitali inakatazwa, jamaa wanatiliwa shaka, swali linakuwa dhambi.

Na la jamaa kutiliwa shaka ndilo linaloninyima usingizi katika barua yako. Mwanamke mzee wa ndani ya ukoo. Hakutaja jina, ni mwerevu. Amewaachia nyinyi mtaje. Wewe ni mtu wa huku, unajua sentensi kama hiyo imeishia wapi katika vijiji vya Nyanda za Juu Kusini: bibi kutengwa, kunyimwa chakula, nyumba kuchomwa, na mara nyingine mapanga. Mganga wa kienyeji akifanya hivyo tunaita ramli chonganishi, serikali imeipiga marufuku, na polisi humfuata. Ikifanyika kwa suti na kinanda tunaita neno la maarifa. Mimi sioni tofauti. Njia yoyote, ya msikitini, kanisani au kwa mganga, inayokuonyesha adui mwenye uso, tena mnyonge kuliko wote nyumbani, usiipe hata wiki moja ya kuifikiria.

Kwa hiyo la pili la kufanya wiki hii, baada ya kliniki: mtembelee bibi, nenda na watoto, kula kwake, ulale ikiwezekana. Ukoo waone. Hilo litawafundisha kuliko mabishano. Na kama kuna kijana wa ukoo ambaye amekwisha kutoa maneno ya vitisho, usingoje, mwone mwenyekiti wa mtaa.

Juu ya fedha sitasema mengi, kwa sababu hukuuliza, na kwa sababu makanisa yote yanaomba. Ahadi, fungu la kumi, malimbuko, jengo, na ule mnada wa kuku na mkungu wa ndizi baada ya ibada. Ila kwenye usharika wa zamani ulikokulia, utakumbuka matangazo yanasoma sadaka ya wiki iliyopita hadi shilingi ya mwisho huku nusu ya watu wamesinzia. Usingizi ule una thamani yake. Kuna wazee waliochaguliwa, kuna mtunza hazina ambaye si mke wa mchungaji, kuna sinodi juu yao. Wanagombana, ndiyo, na magomvi mengine yametuaibisha. Lakini ugomvi unaoonekana ni dalili kwamba kuna kanuni ya kugombania na kuna mtu mwingine mwenye haki ya kusema hapana. Kwa huduma yenu uliza: juu ya mtumishi yuko nani? Ukijibiwa ni Mungu tu, maana yake hakuna mtu. Jumuiya iliyosajiliwa ina katiba. Mwumini anaweza kuomba kuiona. Na pale mnapoambiwa mpande mbegu ili mdogo wako afunguliwe, hiyo ni bei ya matibabu, hata ikiitwa sadaka. Usikope kwa ajili yake. Usiguse mtaji wa viazi.

Nimekuwa nikiulizwa kama haya yanafanya kazi nje ya Ukristo. Yanafanya. Katika tarika za Kiislamu shehe huulizwa alisoma kwa nani, na huyo kwa nani, mnyororo mzima, na mwenye elimu haoni aibu kuutaja. Mganga wa tiba asili anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mganga mzuri, ninaowafahamu wapo, hukuambia mapema kuwa ugonjwa huu si wangu, nenda hospitali.

Sasa, utapimaje yenu bila kuanzisha vita? Nenda ofisini kwa mtumishi, si mbele ya watu, wala usiende peke yako. Mume wako afuatane nawe, maana naye ana deni la shukrani pale na hataonekana mwenye chuki. Mweleze mambo matatu kwa adabu. Kwamba mdogo wenu amerudi kliniki na atameza dawa. Kwamba bibi ni mama yenu na mnaomba aliyesema neno lile alifute mbele ya ukoo. Na kwamba ungependa kupumzika mwezi mmoja, usali na mama yako Rungwe, kisha uamue. Usidanganye kwamba unasafiri. Sema ulivyo.

Kisha nyamaza, sikiliza. Anaweza kukasirika kidogo. Mpe nafasi, hakuna apendaye kuambiwa. Anaweza kusema, "Nilikosea kuhusu vidonge, mpeni," na hapo, mwanangu, ningemheshimu kuliko wengi wenye joho, na ungeweza kurudi kwake baada ya mwezi bila mimi kukulaumu. Lakini akikutajia ajali barabarani, mimba kuharibika, biashara kufa, au kifo cha mdogo wako kama malipo ya kuondoka, ameshakujibu swali lako la kwanza mwenyewe. Tazama pia simu za mwezi huo. Wale akina mama wa msibani wakikupigia kuuliza watoto wanaendeleaje, hao ni rafiki zako, na urafiki huo ubaki nao hata ukihama. Wakipigiana simu kuambiana wasikupigie, utajua kwa amri ya nani.

Mume wako atahofu kwamba akiondoka pombe itamrudia. Hofu yake ina msingi, na msiipuuze kwa mahubiri. Atafute kabla hamjapumzika watu wawili watakaomwuliza Jumatano: mzee wa usharika, jirani mlokole, hata mwenzake kazini aliyeacha kabla yake.

Kuhusu kurudi Moravian, sitakuchagulia. Ukirudi, rudi na maswali yaleyale. Waulize na wao juu ya mchungaji yuko nani, sadaka inahesabiwa na nani, na walimfanyaje mwumini wa mwisho aliyehama. Wakisema swali hilo halifai kuulizwa na mwanamke mwuza viazi, niandikie tena.